Gari la Kaka Yako Haligongi Tena

Nyumbani kwetu, chini ya kilima,
Jumapili, tarehe 14, mwezi wa tisa.

Mpendwa shemeji yangu,

Salamu zangu zikufikie huko uliko na zikukute mzima. Vipi afya yako? Kile kidole kilichobanwa na mlango wa ghala kimeshaota ukucha? Na baridi ya huko je? Mara ya mwisho ulisema unavaa soksi mbili mbili na bado unatetemeka. Nilipomwambia mwanao wa huku alicheka, akasema baba mdogo amezidi kudeka. Mkeo na watoto nao nawasalimu sana, kila mmoja kwa nafasi yake.

Sisi huku tunasogeza siku. Siandiki "hatujambo", maana ukifika katikati ya barua hii utaniona mwongo. Mwanao anakwenda shule na anakula. Mimi nafungua stoo ya spea pale gereji kila asubuhi kama zamani, nauza plagi na mikanda ya feni, najibu maswali ya watu. Kabati la nguo za kaka yako sijalifungua. Nalifuta vumbi kwa nje tu.

Nimechagua kuandika badala ya kupiga simu. Kwenye simu mimi na wewe tunakatizana: wewe unalia, mimi nanyamaza, na mwisho tumeambiana pole tu. Jambo hili linataka kuelezwa mpaka mwisho. Nakuomba usome umekaa.

Mama anajua.

Najua ulituambia tusimwambie mpaka ufike, kwamba wewe ndiye mtoto wa kiume aliyebaki na neno lile ni lako kulisema. Wifi yangu, dada yako, aliitikia, nami nikaitikia. Sikulivunja kwa dharau, shemeji. Nisome kwanza, kisha unihukumu.

Nianze na siku yenyewe, maana hukuwepo, na naona watu wamekusimulia vipande vipande. Unakumbuka kaka yako alivyokuwa akisikiliza injini. Anaweka ncha ya bisibisi ndefu kwenye chuma, mpini anauweka sikioni, anafumba macho, na gereji nzima inanyamaza. Hata wateja walijua. Siku ile alikuwa juu ya injini ya mwenye duka la vioo, ameinama vile vile, bisibisi sikioni, shavu limelala kwenye madigadi. Injini inanguruma. Mwenye gari amesimama pembeni, mikono nyuma. Mimi nilitoka stoo na kikombe chake cha chai, nikaona wenzangu wamenyamaza, nami nikasimama. Tulimheshimu, shemeji. Tulisimama pale tukimwachia asikilize, na mwenzetu alikuwa ameshakwenda. Aliyezima injini ni Robo. Bisibisi ikaanguka, ndipo tukaelewa.

Robo hukumkuta, alikuja baada ya wewe kuondoka. Ni fundi mwenzake, mtu mfupi, mpole. Jina alipewa hapo gereji kwa sababu kila akikaza nati hujisemea, "Robo tu, robo tu," akimaanisha robo ya mzunguko, na anaishia hapo. Kaka yako alisema huyo hajawahi kukata bolti maishani mwake.

Mama wakati huo alikuwa amelazwa, mapafu yamejaa maji. Daktari alikuwa ameshatuonya kuwa moyo wake umechoka, asishtuliwe. Tukazika yeye hayupo. Alipouliza mbona mwanangu haji kunitazama, wifi akamwambia ana kifua cha kuambukiza, daktari amemkataza kumsogelea mgonjwa mpaka kikauke, na sauti imemkauka hata kwenye simu haitoki. Tulidhani ni uongo wa siku chache. Wewe ukasema msubiri nije. Basi uongo ukapata mahali pa kukaa.

Sasa nije kwenye gari. Lile gari la baba yenu, la bluu, lenye taa za mviringo kama macho ya mtu aliyeambiwa habari. Kaka yako alilitumia mpaka mwisho. Kila asubuhi alitoka hapa kwetu bondeni, akapanda kilima kwenda gereji, na katikati ya mlima ndipo ilipo nyumba ya wifi, dirisha la mama likitazama barabara. Hakuwa na muda wa kuingia siku za kazi. Alipiga honi mara mbili, na mkono wa mama ukatoka dirishani ukampungia. Kitanda chake kiko chini ya dirisha, akilala haoni barabara, na hata akikaa, macho yake siku hizi yanaona maumbo tu. Lakini gari lile alilijua kwa mlio.

Na mlio wenyewe ulikuwa ugonjwa. Wewe na injini hamkuwahi kupatana. Kaka yako alisema ukifungua boneti unatafuta mahali pa kutenga sufuria. Kwa hiyo nitakueleza kama nilivyoelezwa mimi, muuza spea.

Ndani ya injini cheche inatakiwa iruke kabla kidogo pistoni haijafika juu. Ikiwahi mno, moto unaisukuma pistoni ingali inapanda, na hapo unasikia kugonga, kama kokoto kwenye kopo. Ikichelewa, gari linakuwa zito na linachemka. Tena haitakiwi ikae mahali pamoja. Ukienda taratibu kwenye tambarare inafaa iwahi zaidi, ukikanyaga mafuta kupanda mlima inafaa irudi nyuma. Kazi hiyo inafanywa na kikopo kilichobandikwa ubavuni mwa distribyuta, kile kinachogawa cheche kwa plagi. Ndani yake mna utando kama ngozi ya ngoma, na kutoka kwenye kikopo unakwenda mpira mwembamba mpaka kwenye kabureta, panapochanganyika petroli na hewa. Injini inavuta hewa, utando unavutika, cheche inawahi. Mafundi wanaiita vakyumu.

Utando wa gari la baba ulichanika zamani. Kaka yako akang'oa ule mpira, akauziba kwa skrubu, akazungusha distribyuta mbele kwa kusikiliza tu ili gari lisiwe zito, akasema atabadilisha kikopo wiki ijayo. Wiki ijayo hiyo ikazaa miaka. Mganga hajigangi. Kwenye tambarare lilikwenda vizuri, lakini lilipopanda mlima, pale pale chini ya dirisha la mama, liligonga.

Mama alimsema kila alipomwona. "Gari la baba yako meno yanagongana kama mtu mwenye homa. Wewe unatibu ya watu, lako unaliacha lifie barabarani?"

Naye akamjibu, "Mama, likinyamaza utajuaje kama ni mimi?"

Kupita kwangu kulianza bila kukusudia, naomba ulijue hilo. Stoo ilikuwa lazima ifunguliwe, nikachukua gari. Mlimani mbuzi akaingia barabarani, nikapiga honi, akasita, nikapiga tena. Mama alikuwa ametolewa hospitali juzi yake. Nikaona mkono wake umetoka dirishani. Ulikuwa mwembamba kuliko nilivyouacha, na ulikuwa unapunga.

Sikusimama. Sikujua nisimame nifanye nini.

Mchana wifi alikuja gereji mbio, kashika ubavu. "Mama amekula," akasema. "Tangu arudi hajala, leo amemaliza bakuli. Kasema mwanangu kapita, namsikia anavyogonga. Wifi, na kesho upite."

Nikapita kesho. Na keshokutwa. Mkono ukawa unanenepa, shemeji, niliuona kwa macho yangu. Nilipiga honi mara mbili, nikatazama mbele, nikapanda. Nilipofika gereji nilikaa kwanza ndani ya gari, ndipo Robo akaja kunifungulia mlango kama vile umekwama.

Kaka yako alikuwa na namna yake ya kuliendesha. Kwenye ile kona ya kufikia dirisha la mama alikuwa akiachia mafuta kidogo, lisigonge vibaya. Mimi sikulijua hilo, nakanyaga tu. Jua la mchana, petroli mbovu ya siku hizi, na mguu wangu mzito. Siku moja nilichelewa kutoka kwa sababu ya homa ya mwanao, nikapanda jua limeshakuwa kali. Likagonga, likagonga, likatetemeka, likazimika chini kabisa ya dirisha. Nikawasha. Stata ikazunguka nusu ikasimama, kama mtu anasukuma mlango na mwenzake anausukuma kwa ndani.

"Mwanangu," mama akaita toka juu, "limekuzimikia?"

Nilishika usukani kwa mikono miwili. Dirisha lile halina pazia.

"Mbona hunijibu? Kifua bado?"

Robo, huko gereji, alikuwa amesikia honi nilizopiga kwenye kona na hakusikia gari likifika, akateremka kutazama. Alikuwa amesimama mbele ya boneti. Akanitazama, nikamtazama. Kisha akakohoa. Alikohoa kikohozi kirefu, kama mbuzi aliyekwamwa na ganda la hindi.

"Pole baba, pole," mama akasema. "Usiongee. Ziba mdomo kwa kitambaa, vumbi hilo."

Robo akakohoa tena, kidogo, kwa kushukuru.

Nilicheka, shemeji, sikufichi. Niliinamisha uso kwenye usukani nikacheka, na kile kicheko kikaniponyoka kikawa kitu kingine. Robo alilisukuma gari peke yake, likarudi nyuma kwa mteremko mpaka tukapita kona, na lilipopoa likawaka.

Tulipofika gereji wifi naye akafika. Robo alifungua boneti, akagusa, akavuta mkono kwa moto. Akasema injini haiwezi tena, taimingi, yaani wakati wa cheche, iko mbele mno na tunaiua.

"Mkilitengeneza likanyamaza, tumekwisha," wifi akasema. "Mama atajua siye."

"Dada, lisipotengenezwa litatoboa pistoni. Hapo litanyamaza moja kwa moja, na mtakuwa hamna gari wala mlio."

"Basi litengeneze kidogo. Ubakize kugonga."

Robo alimtazama kwa huruma. "Dada yangu, hakuna kugonga kwa kubakiza."

Kikopo kipya cha vakyumu kilikuwa stoo kwangu. Kaka yako alikiweka kando mwenyewe, akaniambia, "Hiki cha gari la baba, usimuuzie mtu." Nilikitoa kwenye boksi nikampa Robo. Kabla hajakifunga alitia ule mpira mdomoni, akanyonya, akatazama kisahani cha ndani ya distribyuta kikisogea, akauziba kwa ulimi kuona kama kitakaa. Kikakaa. Akakifunga, lakini mpira hakuuchomeka, akauziba kwanza. Alisema wengi hukosea hapo: wanapima taimingi mpira umechomekwa, vakyumu inavuta, taa inawaonyesha alama mahali ambapo sipo, nao wanakaza bolti wakidhani wamemaliza.

Akapaka chaki kwenye alama ya puli, lile gurudumu dogo la mbele ya injini. Mimi nikashika ile taa inayomweka kila cheche inaporuka. Ukiimulika puli inazunguka lakini alama unaiona imesimama. Ya kwetu ilikuwa imesimama mbali, mbele sana ya mahali pake.

Robo akaweka spana kwenye bolti inayoshika distribyuta. Hakuikaza wala kuilegeza. "Shemeji," akaniambia, "jamaa hakuchora alama. Hapa alipaweka kwa sikio lake. Nikilegeza hii, mahali pake hatutapaona tena."

Nilielewa alichokuwa ananiuliza. Karibu kila kitu alichokishika kaka yako tumeshakihamisha, tumekifua, tumekigawa. Kile chuma kilikuwa bado vile vile alivyokiacha mkononi mwake. Niliomba dakika. Niliweka kiganja changu juu ya distribyuta, injini inanguruma, ilikuwa ya moto na inatetemeka. Nikakaa hivyo mpaka nikashindwa kuvumilia moto.

"Legeza," nikasema.

Akalegeza. "Robo tu," akajisemea, na hata robo haikufika, ulikuwa upana wa ukucha. Mlio ukabadilika. Ukawa mwororo, kama mtu aliyekuwa akiongea kwa hasira halafu akakumbuka kuna mgonjwa ndani. Alama ikarudi mahali pake. Akakaza, akachomeka mpira, akaongeza mafuta taratibu, alama ikatembea yenyewe kwenda mbele. Akayafungua ghafla, ikarudi. Akazima. Robo alifuta mikono muda mrefu kuliko uchafu uliokuwepo.

Asubuhi yake nilipanda kilima nikiogopa kimya. Gari linapanda na halisemi kitu. Kwenye kona nikapiga honi mara mbili. Mkono haukutoka. Nikapunguza mwendo. Bado. Nikawaza, ndiyo hivyo, amejua, na moyo wake umepasuka pale kitandani nami ndiye niliyeuua.

Kisha ikatoka mikono miwili, ikapiga makofi.

Wifi alinisimulia baadaye. Mama alisikia, akainua kichwa, akasikiliza mpaka honi, akaanza kucheka. "Amenisikia," akasema. "Miaka yote hii namwambia, leo amenisikia." Akaomba uji, akaomba tena. Akasema kama gari limepona kifua, basi mwenyewe naye amepona, na kama yeye anaona haya kuingia baada ya siku zote hizi, kesho mama yake atamfuata barabarani ampe mkono. Akataka atolewe gauni la kutokea.

Unaona, shemeji, tulivyofanya. Tuliogopa kuwa gari likinyamaza litatufichua. Likanyamaza, naye akatuamini kuliko mwanzo.

Jioni ile wifi alikupigia. Ulisema tumwambie mama kuwa kaka yako amesafiri kikazi, na wewe unakuja mwisho wa mwaka. Sikukulaumu. Mtu aliye mbali hufikiri mambo yanamngoja. Wifi alikuwa tayari kufanya ulivyosema. Lakini mimi ndiye niliyekuwa nauona ule mkono, na sasa ilikuwa mikono miwili. Nilimwambia wifi, "Kesho usimzuie kutoka."

Kesho yake mama alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki kando ya barabara, amechanwa nywele, mikono mapajani. Wifi alisimama nyuma yake ameshika mgongo wa kiti, analia bila sauti. Sikupiga honi. Nikasimamisha gari mbele yake, likawa linanguruma polepole.

Mama akainuka mwenyewe. Akaja mpaka mlangoni kwangu, akaingiza mkono dirishani, akanipapasa shavu. Alipapasa kama anavyopapaswa mtoto aliyetoka kuumwa, kutafuta kama amekonda. Kidole kikagusa hereni yangu. Kikasimama hapo.

"Yuko wapi?"

Nilikuwa nimepanga maneno. Yote yalinikimbia. "Mama," nikasema, "anayepita ni mimi. Yeye tulimzika ulipokuwa hospitali."

Akasema, "Zima gari."

Nikazima.

"Zile asubuhi zote?"

"Ni mimi, mama."

"Na aliyekohoa?"

"Robo."

Akatikisa kichwa. "Alikohoa vibaya. Mwanangu hakuwa na kikohozi kama kile." Akatafuta kiti kwa mkono, wifi akamsogezea, akakaa. Akasema, hakupandisha sauti, "Mmenifanya nimpungie mkono mtu aliye kaburini."

Wifi akapiga magoti pale pale kwenye vumbi. "Mama, tulikuwa tunakulinda."

"Na nini?"

Mama akatugeuzia uso, mmoja mmoja, kana kwamba anatuona. Akasema, "Nyie mmelia. Watu walikuja wakakaa na nyie, wakalia na nyie, wakaenda zao. Nyie mmeshamaliza. Mimi nianze na nani?"

Neno hilo sijapata usingizi nalo mpaka leo. Nilitaka kumwambia, anza na mimi. Nikakaa naye kitandani siku nzima, nikamshika, na machozi hayakuja. Yalikuwa yamekwisha. Naye alijua. Alinipigapiga mgongoni akaniambia, "Acha, usijilazimishe." Majirani walipopata habari walikuja, lakini walikuwa wameshatupa pole zao, hawakuwa na nyingine. Walisimama mlangoni, wakasema maneno mawili, wakakumbuka wana kazi. Siwalaumu. Msiba haurudiwi kama somo.

Alituomba tumpeleke kaburini. Nilimpeleka kwa lile gari, Robo akakaa nyuma. Kule alipapasa udongo akakuta umeshashikana na majani yameota. Akaanza kuyang'oa. Tulitaka kumsaidia akatukataza. Aliyang'oa yote, moja moja, mpaka udongo ukawa mtupu kama wa jana, ndipo akakaa chini.

Tangu siku hiyo hali yake si nzuri, na sitakupamba kwa maneno. Miguu imevimba. Anakula vijiko viwili vitatu kwa kumridhisha dada yako. Daktari amemtazama, akatuita nje, hakutaja mwisho wa mwaka. Alituambia tukae naye karibu. Wifi anajilaumu kwa ule uongo, kisha ananilaumu mimi kwa kuufichua, kisha anakuja kunishika mkono. Kama mama atatutoka kwa sababu ya mdomo wangu, nitaubeba. Lakini sikuweza tena kumpigia honi.

Siku hizi asubuhi sipiti. Aliniambia mwenyewe, "Usipite. Ingia." Basi nalisimamisha gari mlangoni, naingia, nakaa kitandani, ananiuliza mwanao ameamkaje, ananiuliza gari limeamkaje. Nakwenda kazini nimechelewa, na Robo amejifunza kuuza spea.

Juzi wifi alijikaza akamweleza kuhusu wewe. Alimwambia uliyetaka kumsubirisha ni wewe, kwa sababu ulitaka umwambie kwa mdomo wako. Tukadhani atakasirika. Badala yake akauliza, "Huyu alikuwepo mazikoni?"

Wifi akasema hapana, hakupata ruhusa kazini.

"Analia na nani huko?"

Nikamwambia ukweli, kwamba unalia kwenye simu.

Mama akasema, "Basi naye hajaanza. Mwambieni aje. Asije kunieleza kitu. Aje tuanze pamoja."

Nimekuandikia neno kwa neno kama alivyolisema, shemeji. Usingoje mwisho wa mwaka. Omba ruhusa, na wakikunyima, omba tena.

Wifi anakusalimu, anasema chumba chako ameshakitandika. Robo anakusalimu ingawa hajakuona, anasema ukifika atakufuata stendi kwa gari la baba. Mwanao anakusalimu, anauliza kama utamletea soksi. Mama hakutuma salamu, ametuma lile neno tu. Msalimie mkeo, na ubusu watoto kwa niaba yetu sote.

Mungu akufungulie njia, akupe nguvu za kuja, na amwachie mama pumzi mpaka ufike.

Ni mimi nikupendaye na kukungoja,

Mke wa marehemu kaka yako.